Mfenesi kwa wenyewe Kerala unaliwa tangu fenesi likiwa changa. Sisi tunangoja liive

Mwana wa Muheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie.

Mtu wa pwani ukimwambia "niletee nazi" atakuuliza nazi ya namna gani. Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, halafu ndiyo nazi yenyewe. Kila hatua ina jina kwa sababu kila hatua ina kazi yake. Dafu hulikuni ukapikia wali, wala nazi kavu humpelekei mgonjwa anywe maji yake. Nataka tuuangalie mfenesi kwa jicho hilohilo, maana nimeishi na watu wanaoujua hivyo.

Nilisoma Thrissur, katikati ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, miaka mitatu. Nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane. Jirani wote walimwita Ammachi, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Nyuma ya nyumba alikuwa na mifenesi minne. Nilifika Februari, na wiki ya kwanza tu nikamkuta anaangua mafenesi ya ukubwa wa ngumi mbili, kijani kibichi, hata miba yake bado imebanana. Nilishtuka. Kwetu Muheza mtoto akiangua fenesi la namna hiyo anachapwa. Nikamwambia kwa ishara: Ammachi, haya hayajaiva. Akanijibu neno moja, *idichakka*, akaendelea na kazi.

Chakka ndilo fenesi kwa Kimalayalam, na mti wake ni *plavu*. Neno hilo ndilo Wareno walilichukua wakaligeuza *jaca*. Letu limepita njia nyingine: Wamarathi, wenyeji wa upande wa Bombay, wanaliita *phanas*. Litamke kwa sauti, utaona hulihitaji mkalimani. Tunda lilivuka bahari na jina lake mkononi.

Turudi kwenye *idi*. Maana yake ni kutwanga. Fenesi changa linamenywa, linakatwa vipande, linachemshwa na manjano na chumvi hadi lilainike, kisha linatwangwa kidogo kinuni mpaka lichambuke nyuzinyuzi kama nyama ya kuku. Hapo linakaangwa na nazi ya kukuna, mbegu za haradali, pilipili na majani ya kari. Hakuna utamu wowote, wala harufu ya fenesi tunayoijua. Mara ya kwanza nilikula nikadhani ni nyama.

Hatua ya pili ni *pacha chakka*, fenesi pevu ambalo bado halijaiva. Hii ndiyo iliyonibadilisha mimi. Ammachi alitandika magunia uani, akajipaka mafuta ya nazi mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaupaka na upanga. Alipasua fenesi kwa urefu, na utomvu ukachuruzika mweupe kama maziwa. Hakuufuta kwa kitambaa. Alishika kijiti akakipitisha juu ya kiini akikizungusha, utomvu ukajiviringa wote kwenye kijiti kama uzi kwenye pirini, mpaka kikawa na kibonge cheupe mwishoni. Kijiti akakiweka kando. Kikikauka hakitupwi. Zamani ndio uliokuwa ulimbo wa kunasia ndege na gundi ya kuzibia vyungu vilivyopasuka.

Nyama ya fenesi pevu ni nyeupe ikielekea njano, ngumu, ya wanga, karibu na muhogo au shelisheli. Wanaikata vipande vyembamba wanaipika na maji kidogo, halafu wanasaga nazi pamoja na bizari nyembamba, pilipili mbichi na manjano, wanachanganya na kuponda. Hiyo ndiyo *chakka puzhukku*. Ammachi aliila na uji wa mchele, na kijiko chake hakikuwa cha bati. Alichuma jani pevu la mfenesi, akalikunja likawa pembe, akalishona kwa njiti ya chelewa. Jani la mfenesi ni nene na linateleza, uji haupenyi. Ukimaliza kula, kijiko unampa mbuzi, naye anakililia, maana mbuzi wa Kerala hakuna jani analolipenda kuliko hilo.

Hatua ya tatu tunaijua wote, fenesi bivu, ila wao wanalitenga mara mbili. *Varikka* ni lile la nyama ngumu, linalobanduka safi na kukatika kinywani. *Koozha* ni lile teketeke, lenye nyuzi na maji mengi, linaloteleza mkononi. Kwetu la pili hulidharau. Wao hulikamua, wanaliweka kwenye sufuria kubwa la shaba nzito na sukari guru na samli, wanasonga kwa saa nyingi juu ya moto mdogo mpaka liwe zito, jeusi, linalong'aa. Linaitwa *chakka varatti*. Likifungwa vizuri kwenye chupa linafika msimu unaofuata, na ukitaka kitindamlo unalichota kijiko ukachanganya na tui.

Halafu kokwa. Hizi hazina msimu kwao. Zinaoshwa, zinaanikwa kidogo, zinafukiwa kwenye mchanga au udongo mkavu pembeni mwa jiko. Masika makubwa ya Kerala yanaanza Juni, na katikati ya Julai unaingia mwezi wao wa *Karkidakam*. Wazee wanaukumbuka kama mwezi wa njaa: mvua haikatiki, shambani hakuendeki, mchele umepungua. Ndipo kokwa zinafukuliwa. Mchuzi wa kokwa za fenesi na embe bichi, ukitiwa uduvi au kamba, ni chakula nitakachokikumbuka mpaka kaburini.

Sasa kwa nini wameuendea mti kwa hatua namna hii? Fikirieni. Mfenesi mmoja mkubwa unaweza kubeba mafenesi mia moja, na moja peke yake linaweza kupita kilo 40. Yakiachwa yote yaive, yanaiva pamoja, na fenesi bivu halingoji. Siku mbili tatu limechacha, nzi wamejaa. Kule mvua ikilikuta mtini, utamu wote unapotea. Kwa hiyo wanaanza kuupunguzia mti mzigo mapema: machanga Februari, mapevu Machi na Aprili, mabivu Mei, kokwa Julai. Mti mmoja unalisha nyumba miezi sita badala ya wiki tatu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mfenesi Muheza, mkubwa, shina huwezi kulikumbatia. Nilipokuwa masomoni, wajomba walikubaliana wakaukata. Sababu waliyonipa kwenye simu ni kwamba mafenesi yalikuwa yanaoza uwanjani na kuleta nzi. Ni kweli yalikuwa yanaoza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya Ammachi, mkononi nina bakuli la kokwa, nikashindwa kumjibu mjomba. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kwamba lile fenesi lilikuwa chakula miezi mitatu kabla ya kuoza.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye lake la nyumbani alilete.

Binti Pemba

Shukrani sana kwa uzi huu, umenitoa machozi kwa huo mfenesi wa bibi.

Mimi niongeze la kwetu. Kokwa sisi tumekula sana utotoni. Mama alikuwa anazichemsha na chumvi, tunazimenya lile ganda gumu la nje tunakula na chai ya rangi. Au tunazitia kwenye majivu ya moto zikipasuka "pa!" tunazivuta kwa kijiti. Zina ladha kati ya njugu mawe na kiazi. Siku hizi wanangu nikiwaambia wananitazama tu, kokwa zote zinaishia jaani.

Na ulimbo ndiyo, kaka zangu walitengeneza kwa utomvu wa mfenesi au wa mshelisheli. Wanautafuna na kuuvuta mpaka ukaze, wanaupaka kwenye fito wanangoja chiriku. Sikujua kama India nao wanafanya hivyo hivyo.

Swali langu: fenesi pevu unalijuaje kwamba limepevuka kabla halijaanza kuiva? Maana sisi tunalijua kwa harufu, na likinukia ndiyo limeshaiva.

Mwana wa Muheza

Dada, nilimuuliza Ammachi swali hilohilo. Alama zipo tatu na unaziangalia kwa pamoja. Ya kwanza ni miba: fenesi likipevuka, miba inatawanyika, inakuwa butu, na nafasi kati ya mwiba na mwiba inakuwa pana. Ya pili ni jani lililo karibu kabisa na kikonyo cha fenesi lenyewe, hilo linageuka manjano. Ya tatu ni sauti. Ukiligonga kwa kidole, changa linalia kama ubao mzito, pevu linalia kwa chini, kama kuna uwazi ndani. Harufu isiwepo kabisa. Ikiwepo umechelewa, ngoja ule bivu.

Na kuhusu mshelisheli kutoa ulimbo uleule: hiyo miti ni ndugu. Mfenesi, mshelisheli, mtini na mforosadi ni ukoo mmoja, na yote ukiijeruhi inatoa utomvu mweupe.

Seremala wa Darajani

Wakuu mimi ni fundi, matunda nawaachia nyie. Nizungumzie mbao.

Ubao wa mfenesi ukitoka msumenoni ni wa njano kabisa, kama mtu kaumwagia manjano. Mteja mgeni anaogopa, anadhani umepakwa rangi. Uache mwaka mmoja miwili kwenye mwanga, unageuka kahawia iliyoiva, unakaribia msaji. Mchwa hauupendi. Randa inapita vizuri, na patasi ya nakshi inaukubali bila kuurarua. Milango ya kuchonga hapa Unguja, ile ya kale mizuri ni ya msaji na mvule, lakini siku hizi mvule ni adimu na bei haishikiki, kwa hiyo milango mingi na vitanda tunatoa kwenye mfenesi. Shida yake ni moja: mafundi wengine wanautumia mbichi. Ubao wa mfenesi ambao haukukaushwa vizuri unajikunja na kuacha nyufa, kisha mwenye mlango anausema mti badala ya fundi.

Njano ile haikai kwenye ubao tu. Unga wa msumeno ukilowana na jasho unakushika shati, hautoki kwa sabuni. Mwanzisha uzi, huko wanaifanyia nini hiyo rangi?

Mwana wa Muheza

Fundi umegusa penyewe. Hiyo rangi ndiyo imevaa watawa wa Kibuddha kwa karne nyingi.

Thailand kuna watawa wanaoishi msituni, na kanzu zao wanazitia rangi wenyewe mpaka leo. Wanachukua kiini cha mfenesi, ile sehemu ya njano ya katikati, wanachonga vibanzi vyembamba kwa shoka, wanachemsha kwa saa nyingi mpaka maji yawe kama chai nzito. Humo ndimo kitambaa kinazamishwa, kinakamuliwa, kinaanikwa, kinarudishwa tena. Hata kufua wanafulia maji hayohayo ya vibanzi, ndiyo maana kanzu inazidi kukolea kila ikifuliwa. Rangi yenyewe ni ya kahawia yenye njano kwa ndani, si ile ya machungwa kali tunayoiona kwenye picha. Myanmar na Sri Lanka nako kiini cha mfenesi kimetumika hivyo. Na mahali penginepo kusini-mashariki mwa Asia, wakitaka njano ishike zaidi kwenye nguo wanatia shabu.

Kwa upande wa ubao, Kerala nyumba za kale zina milango, nguzo na dari za mfenesi. Hekalu la Kihindu ukiingia utamkuta kuhani amekalia kiti kifupi cha ubao kiitwacho *avani palaka*, nacho ni mfenesi. Ukivuka kwenda Tamil Nadu, mji wa Thanjavur, mafundi wanachonga *veena*, ile zeze kubwa yenye tumbo la mviringo, kwa mfenesi. Wanasema mbao hiyo ina mlio. Ngoma ya *mridangam* nayo, ile ya ngozi pande mbili, kiunzi chake ni gogo la mfenesi lililotobolewa. Vietnam wanachonga sanamu za Buddha kwa mti huohuo, na wanaupendea kitu ulichokitaja wewe: unapatasika kwa urahisi na haupasuki ovyo.

Nimewahi kumwona fundi wa ngoma akigonga gogo kwa kifundo cha kidole kabla ya kulinunua. Aligonga magogo sita, akachukua moja.

Baharia Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mimi nilikuwa baharini miaka mingi, na Colombo nimekaa mara nyingi, mara moja miezi minne tukingoja meli itengenezwe.

Sri Lanka mfenesi wana jina nililolipenda: *bath gasa*, mti wa wali. Nao wana majina ya hatua kama alivyosema kijana. Changa ni *polos*, pevu ni *kos*, na bivu ni *waraka* likiwa la nyama ngumu au *wela* likiwa teketeke. Ile polos wanaipika kwenye chungu cha udongo, moto wa kuni, kutwa nzima, na viungo vya kukaanga na goraka, tunda chachu lililokaushwa linalofanya kazi ya ukwaju wetu. Inatoka nyeusi, laini, ukiionja unasema ni mnofu wa ng'ombe.

Nilikaa kwa familia moja Panadura, kusini kidogo mwa Colombo. Huko ndiko alikotoka bwana mmoja aitwaye Arthur V. Dias. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kisiwa kikitegemea mchele wa kununua nje, yeye aliona hatari ya njaa, akaanza kampeni ya kupanda mifenesi kila mahali, shabaha yake miti milioni moja. Mpaka leo wanamwita *Kos Mama*. Sasa msije mkadhani walimwita mama: kwa Kisinhala *mama* ni mjomba. Mjomba Fenesi. Wazee wa nyumba ile walikuwa wanasema kwamba miti yake ndiyo iliyowashika wakati wa vita kuu ya pili, mchele ulipokuwa wa mgao.

Na kuna sheria. Tangu 1951 huwezi kukata mfenesi Sri Lanka kiholela hata kama uko uwanjani kwako, unaomba kibali kwanza. Mshelisheli nao umo kwenye sheria hiyohiyo. Niliposoma habari ya mfenesi wa Muheza nikaikumbuka hiyo.

Mwana wa Muheza

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hilo la *mama* kuwa mjomba sikulijua, na kwa mimi ambaye wajomba ndio waliokata, limenigusa.

Kerala hawana historia ya mtu mmoja kama huyo, lakini Machi 2018 serikali ya jimbo ilitangaza chakka kuwa tunda rasmi la Kerala. Nilisikia Ammachi akilizungumza na jirani yake kwa namna ya mtu aliyeambiwa kwamba jua limetangazwa rasmi. Tamil Nadu nao ni tunda lao la jimbo, na Bangladesh ni tunda la taifa.

Pia wana methali ambayo nimeibeba: "Venamenkil chakka verilum kaykkum." Ukitaka kweli, fenesi litazaa hata kwenye mzizi. Na ni jambo la kuonekana kwa macho, si maneno tu. Mifenesi mikongwe huzaa chini kabisa, shinani, fenesi likakaa juu ya udongo. Ibn Battuta, yule msafiri aliyepita Mombasa na Kilwa 1331, alipofika India baadaye aliueleza mti huu, akasema yale yanayozaa karibu na ardhi ndiyo matamu kuliko ya juu. Ammachi hakumsoma, ila fenesi la shinani hakuligawa kwa mtu.

Jirani wa Scarborough

Nasalimia kutoka Toronto. Huku Scarborough maduka ya Watamili wa Sri Lanka yana fenesi la kila namna: bivu la vipande, changa kwenye makopo ya maji ya chumvi, kokwa za kugandishwa kwenye barafu. Wazungu wasiokula nyama wamelipenda changa, wanalichambua na kulitia mchuzi mtamu wa nyanya wanaliweka kwenye mkate badala ya nyama. Jirani yangu ni Mbengali. Anasema kwao fenesi changa, *echor*, toka zamani wanaliita *gachh patha*, yaani mbuzi wa mtini. Analipika na kitunguu, tangawizi, gilingilani na viazi, kama unavyopika mbuzi mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba kopo moja la fenesi changa huku nalinunua kwa bei ambayo nyumbani Korogwe ningepata mafenesi matatu mazima.

Kampala Siku Zote

Uganda *ffene* liko kila kona, barabarani wanakuuzia kipande kimeshafungwa kwenye nailoni. Lakini ni kama mlivyosema, bivu tu. Naomba kuuliza: huku wazee wanasema majani na mizizi ni dawa. Huko Asia wanatumia?

Mwana wa Muheza

Mkuu wanatumia, na nitakueleza nilichokiona na wanachosimulia, ila mimi si tabibu.

Majani wanayapasha moto wanaweka juu ya kidonda au jipu. Majivu ya majani, yaliyochomwa pamoja na vifuu vya nazi, huchanganywa na mafuta ya nazi na kupakwa kwenye vidonda sugu. Utomvu ukichanganywa na siki hupakwa kwenye majipu na uvimbe. Mizizi huchemshwa kwa pumu, homa na tumbo la kuhara. Sri Lanka majani mapevu huchemshwa na kunywewa na wenye kisukari. Wachina wanasema tunda bivu linapunguza ukali wa pombe mwilini. Kuna wanaopaka utomvu kwenye jeraha la nyoka. Hilo nalisema wazi: aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali, asipakwe utomvu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante kwa hilo la nyoka. Niongeze matatu kwa sababu najua watu watasoma hapa na kwenda kujaribu.

La kisukari: Kerala unga wa fenesi bichi unauzwa kwa wenye kisukari. Fenesi pevu halina sukari nyingi kama bivu, ni kweli, lakini ni wanga, kwa hiyo linahesabiwa kwenye sahani kama ugali au muhogo unavyohesabiwa. Usiache dawa zako kwa sababu ya unga. Ukianza kulila mara kwa mara, mwambie daktari wako na upime sukari.

La figo: fenesi lina potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu asile bila kuuliza.

La tatu, anayewashwa na glavu za mpira au na maputo awe mwangalifu na utomvu wake, mwili unaweza kuvikataa vyote viwili. Na kokwa zisiliwe mbichi, zichemshwe au zichomwe hadi ndani.

Shamba Letu Amani

Mimi niko Amani, juu ya Muheza, mifenesi ninayo kumi na mitatu. Nimesoma uzi huu Jumatatu. Nauliza kabla sijaharibu: nikiangua machanga, mti hautaumia? Na nikitaka kuongeza miche, napandaje? Nimewahi kukausha kokwa miezi mitatu kama mahindi, nikapanda, haikuota hata moja.

Mwana wa Muheza

Jirani yangu kabisa! Mti hauumii, unapumua. Tawi lililobeba mengi, acha machache yaliyokaa vizuri na angua yaliyobanana. Uliyoyabakiza yatakuwa makubwa zaidi. Kata kikonyo kwa kisu kikali, usivute, maana ukivuta unachuna gamba, na mahali palepale ndipo msimu ujao mafenesi yatatokea tena.

Kokwa za fenesi hazivumilii kukauka, ndiyo maana zako hazikuota. Hiyo ya kufukia mchangani ni ya kula. Ya kupanda unaitoa kwenye fenesi, unaiosha utelezi wote, unaipanda wiki hiyohiyo. Ipande pale itakapoishi, au kwenye kifuko kirefu, kwa sababu mzizi wake mkuu unashuka haraka na hautaki kusumbuliwa. Epuka bonde. Maji yakituama kwenye mizizi siku chache tu mfenesi unakufa, hata ukiwa mkubwa. Wa kokwa unaweza kuusubiri miaka mitano hata minane, na wakati mwingine tunda halifanani na la mama yake. Ukipata fundi wa kubebesha, mche unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na unajua utakula nini.

Binti Pemba

Na utomvu wa fenesi changa kwenye sufuria? Mwenzenu nina sufuria moja nzuri.

Mwana wa Muheza

Dada, menya kwanza, kata vipande, tumbukiza kwenye maji yenye manjano na chumvi dakika kumi. Utomvu mwingi utaganda na kubaki humo. Mwaga maji hayo, ndipo upike. Kisu na mikono mafuta kabla, si baada. Kilichonata kitoe kwa mafuta ya nazi na kitambaa kikavu, maji usiyaguse mpaka utomvu uishe.

Shamba Letu Amani

Ripoti ya Jumamosi. Nimeangua saba, ukubwa wa kidaka kikubwa. Mke wangu alipaka mafuta, nami nikashika kijiti kama ulivyoeleza, utomvu ukajiviringa kweli, watoto wakakichukua kijiti wakaenda nacho. Tulichemsha nusu saa, tukatwanga kidogo, tukakaanga na kitunguu, pilipili, nazi ya kukuna. Majani ya kari hatukuwa nayo.

Mama yangu ana miaka sabini na sita. Alikula, akanyamaza, akaongeza. Kisha akauliza nimenunua nyama wapi leo.

Mwana wa Muheza

Mwambie mama shikamoo yangu. Mifenesi kumi na mitatu, ukibakiza matano matano kila mti, utakuwa na mapevu ya kupika kabla hayajanukia. Likipatikana la kwanza, niandikie hapa, nitakuja na nazi.